UKURASA WA ELIMU: Ua wa Mafuta Uuzungukao Uhai



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho hakikosi katika jiko la nyumba yoyote, nacho ni mafuta. Vijana wetu wanaosoma elimu ya viumbe katika shule za sekondari za Karagwe na Kyerwa hufundishwa maneno mawili mageni: lipidi, na utando wa seli. Huyahifadhi kwa ajili ya mtihani, kisha hurudi nyumbani wakamkuta mama au bibi ameketi akitikisa kibuyu cha maziwa, wala wasitambue kwamba somo lile lile waliloliacha shuleni liko mbele ya macho yao. Lawama si yao peke yao. Elimu ikiletwa kwa maneno ya mbali huonekana kuwa ni mali ya watu wa mbali.

Basi leo tutaianza elimu hii kibuyuni, tuifuate mpaka ndani ya damu, na mwisho tuifikishe kwenye kipande cha sabuni. Na huko kwenye sabuni, ndugu zetu, mna jambo linalohusu mauti na uhai, wala si jambo la mtihani tu.

Kibuyu cha maziwa

Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyotengwa nayo ikawa wilaya mbali mwaka 2012, ni nchi ya vilima, ya migomba na ya kahawa. Na tangu zama za kale ni nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Mahali palipo na ng'ombe pana maziwa, na palipo na maziwa pana samli.

Hebu tujiulize swali ambalo huenda hatukujiuliza hata siku moja. Maziwa yakikamuliwa, mafuta tayari yamo ndani yake; mbona hatuyaoni? Tukitia mafuta ya taa katika maji, mara huelea juu peke yake. Kwa nini mafuta ya maziwa hayajitengi upesi namna hiyo, bali hubakia yametawanyika, na maziwa yakawa meupe tangu juu hata chini?

Jawabu ni kwamba mafuta yale yamegawanyika vitone vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kila kitone kimevikwa ngozi nyembamba. Ngozi ile hukizuia kitone kisiungane na mwenziwe. Ng'ombe ndiye aliyekivika: kitone cha mafuta kinapotoka katika seli za kiwele, huondoka kimejifunika kipande cha utando wa seli ile ile iliyokitengeneza, kama mtu atokaye nyumbani na shuka yake begani.

Sasa mama anapotikisa kibuyu, hasa afanyayo ni kuzirarua ngozi zile. Vitone hugongana, utando hupasuka, mafuta yaliyo uchi hushikamana na mafuta mengine, na baada ya muda chembe za siagi huonekana. Siagi hutolewa, ikachemshwa, maji yakapaa, ikawa samli. Na zile ngozi zilizoraruka huenda wapi? Nyingi hubaki katika maziwa yaliyotolewa siagi, yale tunayowapa watoto wanywe. Basi kila aliyetikisa kibuyu amevunja tando za mafuta mamilioni kwa mamilioni, ingawa hakuna aliyemwambia jina la kazi yake.

Mafuta kama akiba

Watu wengi wakiulizwa kazi ya mafuta mwilini hutaja unene. Na kwa hakika Karagwe ina habari mashuhuri juu ya hilo. Mwingereza John Hanning Speke, akifuatana na mwenzake James Grant, alifika katika baraza ya Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861. Pamoja na mengine aliyoyaandika, alistaajabu kuwakuta wanawake wa jamaa ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, mmoja wao hata hawezi kusimama. Zama zile unene wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa ni uzuri, tena ni dalili ya wingi wa ng'ombe. Desturi ile imekwisha pita, wala hatuitaji ili kumcheka mtu yeyote, kwani kila zama zina kipimo chake cha uzuri. Twaitaja kwa sababu yaonyesha kazi ya kwanza ya mafuta: ni akiba. Gramu moja ya mafuta humpa mwili kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga, kama ule wa ndizi au wa muhogo, humpa 4 tu. Mwili wenye akili ya kuweka huweka kile kisichochukua nafasi kubwa.

Lakini kuyajua mafuta kwa akiba tu ni kama kuyajua matofali kwa lile rundo lililomwagwa uani, bila ya kuiona nyumba iliyojengwa kwayo. Mafuta ni jina la jamaa kubwa, nayo jamaa nzima ndiyo iitwayo lipidi. Ndani yake mna samli na mafuta ya alizeti na ya karanga, mna nta inayolifanya jani la mgomba lisilowe, matone ya mvua yakateleza juu yake, mna kolesteroli, na mna fosfolipidi. Sifa inayowaunganisha wote ni moja: hawapatani na maji. Na huyo wa mwisho, fosfolipidi, ndiye tutakayemfuata, kwa kuwa yeye ndiye mjenzi wa nyumba.

Safu mbili zilizopeana migongo

Fosfolipidi ni kitu chenye tabia mbili katika mwili mmoja. Kina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa hupenda maji; mikia huyakimbia. Basi fikirini, enyi vijana: kitu cha namna hii kikitupwa majini kitafanya nini? Kichwa chataka kubaki, mikia yataka kuondoka, na pa kwenda hapana, kwani maji yako pande zote.

Suluhu yao ni ya ajabu. Hujipanga safu mbili, kama watu waliosimama safu kwa safu, lakini wamepeana migongo. Safu ya kwanza huelekeza vichwa nje, kwenye maji ya nje. Safu ya pili huelekeza vichwa ndani, kwenye maji ya ndani. Na mikia ya wote hukutana katikati, ikajificha pamoja mahali pakavu. Hapana mtu aliyewapanga kwa mkono. Tabia waliyoumbiwa ndiyo iliyowapanga. Na safu hizo zikipasuka kidogo, hujifunga zenyewe, kwa kuwa mikia haivumilii kuguswa na maji.

Huo ndio utando wa seli. Kila seli ya mwili wa mtu, ya ng'ombe, ya mgomba, ya mbuni, hata ya kijidudu kilicho kidogo kuliko vyote, imezungushiwa ua huu. Unene wake ni kama sehemu 5 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Tukitaka kuzipanga tando hizi moja juu ya nyingine mpaka zifikie unene wa karatasi ya daftari, tutahitaji kama 20,000.

Mtu atauliza: waliziona vipi safu mbili katika kitu chembamba namna hiyo? Hawakuziona, walizihesabu. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa mji wa Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenziwe François Grendel, walichukua damu ya watu na ya wanyama, miongoni mwao mbwa, kondoo, mbuzi na sungura. Walichagua chembe nyekundu za damu kwa kuwa zikikomaa hazina tando nyingine ndani yake; zina ule wa nje tu. Wakayatoa mafuta yake yote kadiri walivyoweza, wakayatandaza juu ya maji yakawa safu moja tu, wakapima eneo lake. Kisha wakakadiria eneo la ngozi za chembe zile zilizotoa mafuta hayo. Wakaona mafuta yanatosha kuzifunika chembe zote mara mbili. Wakasema: basi ua huu una safu mbili.

Na hapa pana funzo jingine. Baadaye ilidhihirika kwamba watu hawa walikosea mahali pawili: hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la chembe walilikadiria pungufu. Makosa haya mawili yalikaribia kufutana, na jawabu likatoka sahihi. Wenzao waliokuja nyuma hawakuficha makosa, wala hawakulitupa jawabu. Walipima upya kwa njia nyingine mpaka ukweli ukasimama kwa miguu yake wenyewe. Hivyo ndivyo elimu inavyopasa kutafutwa.

Ua wenye malango

Lakini ua usio na lango ni kaburi. Seli huhitaji chakula, huhitaji chumvi, huhitaji maji, tena huhitaji kutoa taka. Hewa ya oksijeni hupita katika mafuta bila ya taabu. Sukari na chumvi haziwezi, kwa kuwa hupenda maji, na katikati ya ua ni pakavu. Kwa hiyo ndani ya utando yamepandwa malango yaliyoumbwa kwa protini, na kila lango lina mtu wake. Wataalamu wawili wa Marekani, Singer na Nicolson, walieleza mwaka 1972 kwamba malango haya hayakusimama kama nguzo zilizochimbiwa chini, bali mengi yao huelea katika mafuta na kusogea huku na huku. Hata maji yana lango lake mwenyewe. Peter Agre na wenzake walilithibitisha mwaka 1992, naye akapewa nishani ya Nobel mwaka 2003. Lango moja la maji hupitisha molekuli zaidi ya milioni elfu kwa sekunde moja.

Miongoni mwa malango hayo limo moja ambalo kila mama na kila baba yapasa alijue, ijapokuwa hajaenda shule hata siku moja. Limo katika ukuta wa utumbo. Lango hili lina sharti: halimpitishi sukari peke yake, wala halimpitishi chumvi peke yake. Wakija pamoja hufunguka, wakaingia wote wawili, na maji huwafuata nyuma. Mtaalamu Robert Crane alilieleza jambo hili katika mkutano wa wataalamu huko Prague mwezi wa Agosti mwaka 1960.

Faida yake ni nini? Mtoto akiharisha hufa kwa kukaukiwa na maji na chumvi. Akipewa maji matupu, utumbo ulio mgonjwa hauyapokei sawasawa. Lakini lango la sukari na chumvi aghalabu hubaki zima, hata katika kipindupindu. Ndiyo maana ya zile pakiti zitolewazo zahanati, za kutia katika maji. Na pakiti isipopatikana, chukua maji safi lita 1, tia sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo kilichosawazishwa, koroga mpaka viyeyuke, umnyweshe mtoto kidogo kidogo huku ukifanya safari ya kwenda kwa mganga wa hospitali. Chumvi usizidishe, kwani ikizidi hudhuru. Watoto wasiohesabika wameokolewa kwa lango hili dogo, na aliyelijua sababu yake hatasema tena kwamba maji ya sukari na chumvi ni dawa ya kimaskini.

Tita la kuni

Sasa turudi jikoni, alfajiri ya baridi katika vilima vya Karagwe. Samli imeganda katika kopo. Mafuta ya alizeti yaliyo karibu yake yanamiminika. Yote mawili ni mafuta. Tofauti yatoka wapi?

Yatoka katika mikia. Mikia ya mafuta ya samli mingi ni minyoofu. Chukueni kuni zilizonyooka mkazifunga tita. Zitalaliana, zishikane, liwe tita gumu. Kisha chukueni kuni zilizopinda; hata mkizifunga kwa nguvu zitaacha nafasi, na tita litalegea. Mikia ya mafuta ya alizeti mingi imepinda, ndiyo sababu hayagandi upesi.

Utando wa seli nao wahitaji kipimo. Ukiwa na mikia minyoofu mitupu utakuwa mgumu, malango yashindwe kufanya kazi. Ukiwa na mikia iliyopinda mitupu utalegea na kuvuja. Kwa hiyo kila kiumbe huchanganya kwa kadiri ya mahali pake. Wakazi wa Kyerwa wanazijua chemchemi za maji ya moto za Mtagata, ambazo Henry Stanley alizizuru mwaka 1876, na ambako watu tangu zamani huenda kuoga kwa kutafuta nafuu. Katika chemchemi za moto ulimwenguni huishi vijidudu ambavyo joto haliviui. Siri yao moja ni ua: mikia yao haiyeyuki kwa wepesi, na wengine miongoni mwao, waishio katika joto kali zaidi, wameziunganisha safu mbili zikawa kitu kimoja, mkia umeshikwa kichwa huku na huku, hata joto lisiweze kuzitenganisha.

Katika mwili wetu, msawazishaji wa ugumu na ulaini ni kolesteroli. Jina hili siku hizi hutajwa kama jina la adui, na ni kweli kwamba ikizidi katika damu huziba mishipa na kuudhuru moyo. Lakini pasingekuwa na kolesteroli kabisa, tando za seli zetu zisingesimama. Ini letu lenyewe huitengeneza. Kwa hiyo mafuta si adui wala si rafiki wa kukumbatiwa bila ya hesabu. Ni kitu cha kiasi. Mtu mzima akaaye kitako siku nzima dukani na kula samli na nyama ya mafuta kila siku ajiangalie. Na mtoto mdogo anayelishwa ndizi tupu asubuhi na jioni naye ana haki ya kuangaliwa, kwani ndizi karibu haina mafuta. Ubongo wake unajengwa, na ubongo hujengwa kwa lipidi kuliko viungo vingi. Tena vitamini A, D, E na K haziingii mwilini sawasawa pasipo mafuta. Maziwa, karanga zilizosagwa, parachichi lililoangukia uani kwetu, yote yamo katika uwezo wa nyumba nyingi. Na senene, wanaopendwa kote Kagera, wakikaushwa karibu nusu ya uzito wao ni mafuta; ndiyo maana mpishi huwaweka katika kikaango bila ya kuongeza kitu, wakajikaanga kwa mafuta yao wenyewe.

Sabuni na adui aliyevaa mafuta

Tumefika sasa kwenye sabuni, mahali tulipoahidi.

Sabuni hutengenezwa kwa mafuta yaliyochemshwa na magadi makali. Magadi huikata mikia ya mafuta, na kila mkia ukapata kichwa kipendacho maji. Tazameni: ni ndugu wa fosfolipidi, naye ana kichwa kipendacho maji na mkia ukimbiao maji, ila mkia wake ni mmoja. Kwa kuwa wamefanana, sabuni yaweza kujipenyeza katika safu za utando. Na kwa kuwa hawakulingana, ikiisha kuingia huzivuruga safu, ua ukabomoka. Ndivyo sabuni inavyoondoa mafuta ya samli katika bakuli: mikia yake hulishika tone la mafuta, vichwa vyake hushika maji, na vyote huondoka pamoja.

Viko virusi vingi ambavyo nje vimejivika ua wa mafuta waliouiba katika seli ya mgonjwa walipotoka. Virusi vya mafua ni vya namna hiyo, na vya UVIKO-19, na vya UKIMWI. Virusi vya sotoka, vilivyofagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 mpaka vikatangazwa mwaka 2011 kuwa vimetoweka duniani, navyo vilivaa vazi hilo. Na vya Marburg pia.

Marburg ni mji wa Ujerumani. Ugonjwa huu ulipata jina lake huko mwaka 1967, pale wafanyakazi wa maabara walipoambukizwa na tumbili waliotolewa Uganda. Makazi yake ya asili ni popo wala matunda waishio mapangoni. Katika mkoa wetu wa Kagera ulitangazwa mwezi wa Machi mwaka 2023 katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Watu 9 walihesabiwa kuwa wameupata, nao 6 wakafariki, mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ukatangazwa Biharamulo, wakafariki watu 10, nao ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Na mwisho wa mwaka 2024 ulikuwa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, mto ambao Karagwe na Kyerwa zimepakana nao. Kwa hiyo hii si habari ya kusimuliwa kama ya nchi za mbali. Wenye msiba ni jirani zetu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.

Adui huyu anayetisha namna hii, mikononi mwetu ana udhaifu mmoja mkubwa: vazi lake ni la mafuta. Likiraruliwa hawezi tena kuingia katika seli, kwani kwa vazi hilo ndiko anakoshikia. Kama mama anavyozirarua ngozi za vitone vya maziwa kwa kutikisa kibuyu, ndivyo sabuni na maji vinavyolirarua vazi la virusi juu ya kiganja. Lakini kibuyu hakitoi siagi kwa kutikiswa mara moja, wala sabuni haifanyi kazi kwa kuguswa tu. Huhitaji muda na kusugua: kati ya vidole, mgongo wa mkono, chini ya kucha, kwa muda usiopungua sekunde 20.

Haki itupasayo kuisema ni kwamba si virusi vyote vilivyovaa mafuta. Vya kupooza kwa watoto na baadhi ya vile vya kuharisha havina vazi hilo. Kwao sabuni husaidia kwa kuviondoa mkononi viende na maji, si kwa kuvivunja. Faida ipo kwa yote mawili. Tena sabuni ni kinga ya mikono. Haimtibu aliyekwisha ambukizwa. Mwenye homa kali ya ghafla na dalili za kutoka damu apelekwe hospitali, wala asiuguzwe kwa siri nyumbani.

Na jambo la kuosha maiti

Hapa twagusa jambo zito katika nyumba za Waislamu. Sisi huwaosha maiti wetu kwa mikono yetu, na ni haki yao juu yetu. Lakini aliyekufa kwa Marburg au Ebola, mwili wake na majimaji yake hubaki na virusi vingi, na wengi walioambukizwa mahali pengi wameambukizwa mazishini. Jamaa hulia wakisema: je, tumwache mzazi wetu bila ya kuoshwa?

Sheria yetu haikumfunga mtu katika madhara. Palipokosekana maji, au maji yakawa na madhara, pana tayamamu, kwa aliye hai na kwa maiti pia. Mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika ya Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi ya salama na heshima, baada ya kushauriana na watu wa dini, na ndani yake Muislamu hufanyiwa tayamamu na kukafiniwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Basi afisa wa afya akija na masharti hayo, asionekane kuwa amekuja kuivunja dini. Na masheikh wetu wa Kayanga, wa Omurushaka na wa vijijini wanafanya wema mkubwa wakiyaeleza haya misikitini kabla ya msiba kufika, kwa kuwa siku ya msiba masikio huwa mazito.

Tumalizie

Ndugu wasomaji, tulianza na kibuyu. Tumeona ya kuwa ngozi nyembamba inayokifunika kitone cha mafuta katika maziwa, ua uizungukao seli ya mtoto wako, na vazi la virusi vya Marburg, vyote vimetokana na tabia moja: kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Uhai wote wa ardhini umesimama nyuma ya ua huo, usiofikia hata chembe ya unene wa karatasi. Mwenye kuzingatia na azingatie.

Na kwa vijana tuna ombi moja. Mwezi huu mkimwona mama au bibi akitikisa kibuyu, mwombeni ruhusa mketi karibu yake, mmweleze kinachopasuka humo ndani. Kisha mumwulize yeye: ni lini hujua kwamba siagi imekwisha toka, nayo ina sauti gani kibuyuni? Huenda mkamfundisha neno moja, naye akawafundisha kumi. Na mkitoka hapo, hakikisheni kwamba karibu na choo cha nyumbani kwenu pana maji, na juu ya jiwe pana kipande cha sabuni.

Wabillahi tawfiq.